Anaumwa Kidogo

Huku kwetu Nyanda za Juu, mtu akifa hatumwambii mwanawe aliye mbali kwamba amefariki. Tunamwambia anaumwa kidogo. Tunasema njoo, usiwe na wasiwasi, beba na sweta maana kuna baridi. Ukweli wenyewe anapewa mtu wa pembeni, jirani au mfanyakazi mwenzako, ambaye ataombwa akusindikize, akubebee mkoba, ahakikishe umekula njiani na asikuache peke yako hata ukienda msalani. Ukishafika, na tumboni mna kitu, ndipo unapoambiwa. Wazee wetu waliona kwamba msiba haufai kumkuta mtu barabarani tena na njaa. Sina ugomvi na desturi hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba kila mtu anaijua, mpaka mtoto wa darasa la pili, na kwa hiyo siku mama yako akiumwa kidogo kweli, hakuna maneno yaliyobaki ya kukuambia hivyo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Mbeya. Hasira zangu ziko karibu, na wenzangu wanalijua hilo, ndiyo maana wanapenda kunichokoza. Siku yenyewe, saa ya chai, mmoja alikuwa ameturushia video kwenye kundi letu la simu. Bwana mmoja aliyevaa koti jeupe alikuwa anaeleza, kwa sauti ya mtu anayeuza dawa, kwamba sayansi imethibitisha dunia haipo mpaka akili ya mwanadamu iiangalie. Ukigeuka, alisema, mlima nyuma yako haupo.

Aliyeifurahia zaidi ni rafiki yangu anayefundisha somo la dini, mwanamke mpole wa sauti na mkaidi wa hoja. Tumekaa meza moja kwa miaka mingi na hatujawahi kukubaliana hata kuhusu sukari ya chai. Akaniuliza kama kweli mambo ndiyo hayo, na kama ndiyo, kwa nini nimewaficha.

Nikaeleza. Nilisema zipo chembe ndogo mno ambazo ukizirusha kwenye ukuta wenye nyufa mbili zinajipanga upande wa pili kama mawimbi yaliyopita nyufa zote kwa pamoja, na ukiweka kifaa cha kuvizia kila chembe imepita wapi, zinaacha kujipanga hivyo. Hilo ni kweli, limepimwa mara nyingi. Lakini kuangalia kwenyewe si jicho wala roho ya mtu. Ni kuguswa. Kifaa kinaigusa chembe. Unaweza kukifungia kifaa chumbani ukaenda zako sokoni, na chembe zitafanya yaleyale.

"Umejuaje, kama ulikuwa sokoni?" aliuliza.

Nikasema nitarudi nisome kipimo.

"Ahaa," alisema, akachovya andazi. "Utarudi usome. Madam, nionyeshe jaribio moja tu ambalo mwisho wake hakuna mtu anayesoma."

Walimu wakacheka. Hoja hiyo haina jibu, na nilijua haina. Sayansi haiwezi kuthibitisha kwamba dunia inaitegemea akili yetu, wala haiwezi kuthibitisha kwamba haiitegemei, kwa sababu kila uthibitisho mwishowe unaletwa mbele ya mtu. Tunachofanya ni kukubali kwamba dunia inasimama yenyewe, kisha tunaanza kazi, na kazi inakwenda. Hilo ndilo jibu la mtu mzima. Sikulitoa. Nilisema kwamba mlima Loleza ulikuwepo kabla hajazaliwa bibi wa bibi yake, nikafunga zipu ya mkoba wangu kwa nguvu, nikatoka kwenda kufundisha kipindi ambacho hakikuwa changu.

Yeye alidhani tunataniana. Kwangu ilikuwa habari nyingine, na sababu yake ni baba.

Baba alikuwa dereva wa lori. Sisi tulikulia Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, barabara kuu ikipita mbele yetu, na baba alikuwa mtu wa barabara hiyo, Dar mpaka Tunduma, wakati mwingine anavuka kwenda Zambia. Kwa hiyo utoto wangu wote baba alikuwepo bila kuonekana. Kila jioni mama alipakua chakula chake, akakifunika kwa sahani nyingine, akakiweka pembeni, awe anakuja au haji. Tukiuliza alisema baba yenu yupo njiani. Asubuhi chakula hicho tulikula sisi na uji, na jioni alipakua kingine.

Sijui ni nani aliyenitia wazo kwamba baba anabaki njiani kwa sababu mimi namfikiria. Nadhani nililizua mwenyewe. Niliamini kwamba nikimsahau, breki zitakatika kwenye mteremko wa Kitonga. Basi nilimshika kichwani: mikono yake kwenye usukani, kofia yake ya sufu, jino lake la pembeni lililovunjika. Nikiteka maji nilimshika. Darasani, katikati ya hesabu, nilishtuka kwamba dakika nzima imepita sijamfikiria, na mwili wote ukafa ganzi mpaka nilipomrudisha barabarani. Nilichapwa mara nyingi kwa kutosikiliza. Nilikuwa mtoto mwenye kazi nzito na hakuna aliyejua ninaifanya.

Kidato cha pili mwalimu wa fizikia akaandika ubaoni kwamba kitu kilicho katika mwendo kitaendelea na mwendo wake chenyewe mpaka nguvu nyingine ikizuie. Chenyewe. Bila mtu. Nililia pale pale kwenye dawati, mwalimu akadhani naumwa akaniruhusu nikalale bwenini. Nilikwenda nikalala, na nilikuwa nimeutua mzigo. Baba aliendelea kuendesha miaka mingi bila msaada wangu mpaka akastaafu salama. Watu husema walisoma sayansi ili wapate ajira. Mimi niliisoma kwa sababu ilinipumzisha.

Baba alifia nyumbani, kwenye kiti chake, akisubiri chakula cha mchana. Mimi niliambiwa anaumwa kidogo. Jirani yangu alinisindikiza kutoka Mbeya, akaninunulia chipsi mayai Makambako, nami nikala nikamaliza, nikamsimulia vituko vya mzee. Kwa muda wa safari ile baba alikuwa hai mahali pamoja tu, kichwani mwangu, na mahali hapo hapakumsaidia kitu. Tangu siku ile chipsi mayai sili.

Sasa mnielewe simu ilipolia mchana ule wa ubishi, nikiwa bado na chaki mkononi.

Alikuwa kaka yangu mkubwa, ambaye anaishi na mama Ipogolo pamoja na mkewe. Kaka ni mzee wa kanisa, mtu asiyesema neno moja kama kukohoa kunatosha. Alisema, "Mama anaumwa kidogo. Siyo sana. Ila uje, mdogo wangu, kesho usikose. Uje tuongee."

Nikamwomba anipe mama niongee naye. Akasema sasa hivi haiwezekani, akakata.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa, nikamweleza maneno niliyoambiwa, yote, pamoja na lile la sasa hivi haiwezekani. Mkuu wetu ni mtu ambaye ukiomba nusu siku kwenda kung'olewa jino anakuuliza kama jino haliwezi kusubiri likizo. Alinyanyuka kwenye kiti, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nenda, Mwalimu, nenda hata wiki. Nikatoka. Nyuma yangu nikasikia akiagiza aitiwe mwalimu wa dini. Alikaa naye ofisini, na rafiki yangu alipotoka alikuwa hanitazami machoni.

"Nitakusindikiza kesho," alisema. "Nina shida zangu Iringa."

Tangu nimfahamu hajawahi kuwa na shida Iringa. Nikamwambia asante. Kisha nikazima simu yangu, nikajiambia ni kwa ajili ya kutunza chaji.

Kesho yake asubuhi tulipita soko la Mwanjelwa kwanza, nikanunua doti ya kanga. Muuzaji aliniuliza ni ya sherehe au ya msiba, nikasema sijui. Akanitazama, akamtazama rafiki yangu ambaye tayari alikuwa amebeba mkoba wangu begani juu ya wake, akanifungia nyeusi yenye maua mekundu bila kuuliza tena. Sikusoma hata maandishi yake.

Ndani ya basi nilikaa dirishani na mwenzangu akakaa upande wa njia, kama askari. Alikuwa tayari kuambiwa chochote na mimi sikumwambia kitu. Ningeweza kumuuliza. Neno moja tu, amekufa, na yeye ni mtu wa Mungu, asingeweza kunidanganya usoni. Nilijua vizuri kwamba kule Ipogolo, muda uleule, mama ama yupo hai ama hayupo, na kwamba kunyamaza kwangu hakumwongezei hata pumzi moja. Nililijua hilo kwa elimu yangu yote na bado nilikuwa nimeubana mdomo mpaka taya zikauma.

Tulipopita Igawa nikagundua kwamba nimeirudia kazi. Nilikuwa namshika mama. Vidole vyake vilivyopinda, kovu la moto kwenye kiwiko, anavyoketi na mguu mmoja umenyooshwa mbele akichambua maharage. Nilimpitia kiungo kimoja kimoja na nikifika mwisho naanza tena. Mara moja nilisinzia, nikazinduka nimelowa jasho, maana nilikuwa nimemwachia. Mwanamke mzima, mwenye shahada na nywele nyeupe mbili tatu, nikahesabu upya kovu na vidole vya mama kama mtoto wa Ipogolo niliyekuwa. Niliogopa sana. Nataka kulisema hilo waziwazi, kwa sababu baadaye watu waliicheka safari hii na mimi nilicheka nao.

Makambako basi liliposimama, mwenzangu alishuka akarudi na chipsi mayai.

"Kula kwanza, Madam," alisema, akaniwekea mapajani.

Basi. Kwangu huo ndio ulikuwa uthibitisho. Nilishika kijiti, nikachoma kiazi kimoja, nikakiangalia mpaka kikapoa. Yeye hakunilazimisha. Mkoba wangu alikuwa ameukumbatia tangu Uyole, na aliendelea kuukumbatia Mafinga, na alikuwa anaukumbatia hata tulipoteremka Ipogolo na kuanza kutembea kwenda nyumbani.

Nilitazamia turubai. Nilitazamia viti, moshi wa sufuria kubwa, wanaume wamekaa vikundi wakizungumzia bei ya mbolea. Uwanja wetu ulikuwa mtupu. Kuku wawili walikuwa wanaparua chini ya mparachichi na mlango wa mbele umefungwa. Na mimi, kwa akili niliyokuwa nayo saa ile, sikusema kumbe hakuna msiba. Nilisema wamekwishampeleka kanisani, nimechelewa, sitamwona. Nikaweka mikono kichwani na nikaangua kilio pale getini kama desturi inavyotaka. Mwenzangu naye, nyuma yangu, akapaza sauti kuliko mimi.

Nyuma ya jiko akatokea mama ameshika ungo wa maharage.

Alituona. Alimwona binti yake analia mikono kichwani na mwanamke mgeni amebeba mikoba miwili. Akaudondosha ungo, maharage yakatawanyika, naye akaweka mikono kichwani akaanza kulia, "Jamani, nani? Nani tena?" Kwetu mwanamke akisikia kilio hajitengi. Analia kwanza, jina la marehemu atalijua baadaye. Basi tukalia watu watatu, mmoja wetu akiwa ndiye anayeliliwa, na jirani wa upande wa juu tayari alikuwa anakuja mbio huku akijifunga kanga.

Kaka akatoka bandani na ndoo ya pumba za nguruwe. Akamuuliza mwenzangu, kwa heshima zote, ni nani aliyefariki.

"Mama," mwenzangu alisema katikati ya kwikwi.

"Mama yupi?"

"Mama yenu."

Kaka akamtazama mama. Mama naye akamtazama kaka, bado analia.

Ilichukua muda kulifumua fundo hilo. Kaka hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba mama amefariki, kwa sababu hakufariki. Alisema anaumwa kidogo kwa kuwa alikuwa anaumwa kidogo. Mkuu wa shule hakupigiwa simu na mtu. Alikisia kutokana na maneno niliyompelekea mimi mwenyewe, akampa mwalimu wa dini makisio yake kama habari. Mwalimu wa dini akavaa uso wa mtu anayejua. Na mimi niliusoma uso huo njia nzima kama kipimo, kumbe kipimo kilikuwa kinasoma uso wangu. Kama ningewasha simu ningekuta ujumbe wa kaka akiniomba nilete na dawa ya minyoo ya nguruwe kutoka duka moja la Mwanjelwa.

Nilimkumbatia mama nikamnusa shingo, moshi na sabuni ya mche. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyomshika kichwani. Mwenzangu, kwa aibu, akatoa kanga kwenye mfuko na kusema mama, tumekuletea zawadi, na mama akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaishukuru. Jirani akacheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Lakini mama alipoinama kuokota maharage yake nilimsikia anauliza, si kwa mtu fulani, "Sasa mlikuwa mnamlilia nani?"



Kaka akanichukua nyuma ya banda. Huko alisema maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia kwa mwaka. Mama mwili hauna shida. Tatizo ni baba. Tangu mvua zilipoanza, mama anauliza baba yuko wapi. Anampakulia chakula, anakifunika, anakiweka pembeni kama zamani. Mara ya kwanza kaka alimwambia ukweli, mama, baba alifariki, tulimzika pale juu, na mama alianguka chini akalia kilio cha siku ya kwanza, majirani wakajaa, akakesha. Asubuhi akauliza baba yuko wapi. Kaka akasema ukweli tena. Akalia tena vilevile, kama hajawahi kuambiwa. Mkewe kaka anasema mdanganyeni, mwambieni yupo safarini. Kaka ni mzee wa kanisa na mdomo wake haujui uongo. Siku aliyonipigia, mama alikuwa ameketi ubavuni mwake, na kila akipewa simu siku hizo alidhani aliyepiga ni baba. Ndiyo maana haikuwezekana.

"Wewe ndiye uliyesoma," kaka alisema. "Toa neno moja, wote tulishike. Tumwambie au tusimwambie?"

Nikabaki na mwenzangu pale nyuma ya banda, harufu ya nguruwe imetuzunguka. Nilimweleza. Nilitazamia aninange, aniambie haya, Madam, huyu hapa mtu ambaye dunia iko kichwani mwake, mpime. Ningempiga. Hakuninanga. Nikasema mwenyewe, kwa ukali ambao hakuna aliyeuomba, kwamba baba yuko kaburini, na ataendelea kuwa kaburini awe anafikiriwa au hafikiriwi, na mtu mmoja kuamini vingine hakumtoi huko.

"Hilo halina ubishi," alisema taratibu. "Ila mama hatakuuliza fizikia. Atakuuliza mumewe yuko wapi. Utamjibu nini?"

Nilihisi woga uleule wa kwenye basi, ila sasa nilikuwa nimeshikwa na nyuma na mbele. Nikisema ukweli, namuua baba mbele ya macho ya mama, na kesho kaka atamuua tena. Nikisema uongo, namrudisha barabarani, na safari hii si mimi nitakayemshika, ni mama, kwa akili yake inayovuja, kila siku, bila mwalimu wa kumwandikia ubaoni kwamba anaweza kupumzika. Kazi ile naijua. Nisingemtakia mtu.

Tulikula jua likiwa linaanza kushuka, tumekaa kwenye mkeka upande wa jikoni, mama, kaka na mkewe, mimi na mwenzangu. Ugali, maharage yaliyookotwa, na mboga za maboga. Mama alipakua mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Kila mtu alipopata chake akachukua sahani moja zaidi, akaijaza vizuri, akaifunika kwa nyingine, akaiweka pembeni karibu na ukuta. Mke wa kaka akanitupia jicho. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa kama anayeombea chakula, na chakula kilikuwa kimeshaombewa.

Mama akaniuliza mimi. Alinigeukia mimi tu, kama vile wengine alishamaliza kuwauliza.

"Baba yako yuko wapi?"

Nilikuwa nimeamua. Au nilidhani nimeamua. Nikasema, "Yupo Tunduma, mama."

"Mbona hajapiga simu?"

Hapo sikuwa nimejiandaa. Nilitafuta la kusema, na mdomo ukachukua yaliyokuwa karibu, yaliyonikaa kichwani tangu jana yake, yaliyotukaa wote tangu utoto.

"Anaumwa kidogo," nilisema. "Siyo sana. Usiwe na wasiwasi."

Nilimsikia kaka akivuta pumzi. Nilijua nilichofanya kabla sijafunga mdomo.

Mama hakulia. Aliyatazama macho yangu, ambayo yalikuwa bado yamevimba kwa kilio cha getini. Akamtazama mwenzangu aliyeketi ameegemeana nami kwa mazoea ya safari nzima, na mkoba wangu uliokuwa bado mapajani mwake. Akaitazama kanga nyeusi iliyokunjwa kando. Kila kitu alichokihitaji kilikuwa pale, na siku hiyo akili yake haikuvuja hata tone.

"Anaumwa kidogo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ndivyo ulivyoambiwa?"

Nikasema ndivyo.

"Na ukasindikizwa na mwenzio."

"Ndiyo, mama."

Mkono wake ulipanda mpaka mdomoni, ukakaa hapo kidogo, ukashuka. Alikuwa ameshajua. Na alidhani mimi sijui. Niliiona huruma ikimjaa usoni, huruma ya mama kwa mtoto aliyetoka mbali ambaye bado hajaambiwa, nikataka kusema mama, najua, najua zamani, lakini kuyasema hayo ningekuwa namwambia yote.

Akanyoosha mkono akauchukua mkoba wangu kutoka mapajani mwa rafiki yangu, akauweka kwake. Akaivuta ile kanga, akajifunga kiunoni, polepole, kwa fundo la wanawake wanaojiandaa kwa kazi kubwa. Kisha akaisogeza sahani iliyokuwa ukutani, akaifunua, na chakula cha baba akakimimina chote kwenye sahani yangu.

"Kula kwanza, mwanangu," alisema. "Atapona tu. Wewe kula."

Akasogea akakaa ubavuni mwangu, mkono wake umenishika bega, asinyanyuke tena. Nikala. Nilimega matonge madogo na kuyatafuna kadiri nilivyoweza kuyachelewesha, kwa sababu mama alikuwa anaiangalia sahani yangu, na nilijua kwamba ikiisha ataniambia.